Marafiki wa Bukavu wakutana Ostende, kando ya bahari yenye baridi

Watu wane waliopata diploma ya serikali mjini Bukavu mwaka 2004 walikutana mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili 2025 huko Ostende, mji wa Ubelgiji ulio kando ya Bahari ya Kaskazini. Walikaa siku tatu katika upepo na baridi, majira ambayo hakuna mtu wa kawaida anayefikiria kwenda kuogelea. Wawili kati yao walikuwa hawajasemezana tangu mwezi wa pili wa mwaka huo.

Wote wane wameomba majina yao yasitajwe, kwa sababu jamaa zao bado ziko Bukavu. Wanaume ni wawili: mmoja anaishi Liège, na mwingine Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Wanawake pia ni wawili: mmoja ni muuguzi huko Cologne, Ujerumani, na mwingine anafanya kazi ya usafi katika hospitali ya Bruxelles. Walikulia Ibanda na Kadutu, wakakaa darasa moja kwa miaka sita, na sasa kila mmoja anakaribia miaka arobaini.

Kilichowatenganisha ni ujumbe mmoja wa watsapu. Goma ilishikwa na M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili. Katika siku zile depo za chakula na maduka mengi ya Bukavu yaliporwa. Duka la mama ya yule wa Liège, kule Kadutu, lilisombwa lote: unga, mafuta, sabuni, hadi mizani. Yeye alikuwa kazini usiku, akipanga vifurushi katika ghala moja karibu ya uwanja wa ndege wa Liège, simu mfukoni, akipokea sauti na picha bila kuweza kufanya lolote. Kabla hakujapambazuka aliandika katika kikundi cha promo. Mbele ya watu wote, alimuuliza yule wa Lille aseme waziwazi yuko upande gani.

Msomaji wa Kivu hahitaji kuelezwa sana. Jamaa ya mama ya yule wa Lille inatoka Minembwe.

Hakujibu. Kesho yake, kwa maandishi yale madogo ambayo simu huandika yenyewe, kila mtu alisoma kwamba ametoka katika kikundi. Muuguzi wa Cologne anasema ujumbe wenyewe haukumuumiza kama kile kilichofuata: watu zaidi ya ishirini waliusoma, naye akiwa mmoja wao, na hakuna aliyeandika hata neno moja la kumtetea mwenzao. Aliweka simu mezani, akaenda kulala. Tangu hapo kikundi kiliendelea kutumiwa kwa habari za matanga na michango tu.

Aliyewapatanisha hakuwa Ulaya. Ni mwenzao wa tano, mwalimu, ambaye hakuondoka Bukavu. Kwa miezi mingi alimpigia simu kila mmoja peke yake, kwa yunite zake mwenyewe, wakati ambapo mabenki ya mji yalikuwa yamefungwa na mshahara wa mwalimu ulikuwa hadithi. Aliwaambia kwamba wao wako katika inchi ambako mtu anaweza kupanda treni asubuhi na kukaa meza moja na mwenzake saa sita, lakini hawafanyi hivyo. Yeye na majirani wake, wa kila kabila, wanakutana kwenye bomba la maji kila siku, wapende wasipende.

Kwa nini Ostende? Jibu la kwanza ni makuta. Wakati wa joto, mwezi wa saba na wa nane, mji ule hujaa watu na bei ya kulala hupanda kiasi cha kumkimbiza mfanyakazi wa usafi. Wakati wa baridi vyumba vingi viko wazi na wenye nyumba wanapunguza bei. Jibu la pili ni njia. Treni inayotoka Eupen, karibu na mpaka wa Ujerumani, hupita Liège, Bruxelles, Gent na Bruges, halafu huishia Ostende bila mtu kubadilisha. Kutoka Bruxelles ni saa moja na robo hivi. Yule wa Lille yuko karibu na mpaka, anakuja kwa gari. Jibu la tatu, ambalo dada wa Bruxelles alilitoa bila kufikiri, ni kwamba hapo kuna maji. Mtu aliyekulia Bukavu, ambako kila mtaa hushuka ziwani, hajui vizuri namna ya kupumzika mahali ambapo hapaoni maji.

Neno lenyewe liliwachekesha. Kwa Mkongomani, bichi ni bandari: mahali pa magunia, maboti, walipa ushuru na wabeba mizigo, kama Bichi Muhanzi kule Bukavu au Bichi Ngobila kule Kinshasa. Mwalimu aliposikia kwamba wenzake wamepanga nyumba kwenye bichi, aliuliza wanasafirisha mzigo gani.

Walifika siku ya tano, kabla ya giza, lakini giza lenyewe huko halichelewi. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili, jua la Ostende huonekana karibu saa tatu kasoro robo asubuhi, na saa kumi na moja jioni limeshazama. Mtu wa Kivu, aliyezoea siku na usiku kugawana sawa mwaka mzima, anaona kama siku imeibwa. Baridi yenyewe, wanasema, si ya kutisha kwa hesabu, kwa sababu digrii tano au sita haziui mtu. Kinachoua ni upepo. Unatoka baharini moja kwa moja, haukutani na mlima wala mti, na unaingia katika mikono ya koti kama mtu anayetafuta kitu. Maji ya bahari wakati huo yanashuka polepole hadi digrii sita au saba. Ziwa Kivu lina karibu digrii 24 mwaka mzima.

Nyumba ilikuwa katika etaji ya sita, vyumba viwili na sebule yenye dirisha kubwa. Wanawake walichukua chumba kimoja. Chumba cha pili kilikuwa na vitanda viwili vya mtu mmoja, na hapo kulitokea kimya cha kwanza. Yule wa Liège alisema atalala kwenye kiti kirefu cha sebuleni kwa sababu anakoroma. Hakuna aliyebisha.

Jioni ile walipika. Dada wa Bruxelles alikuwa amepitia Matonge, kitongoji cha Ixelles ambako Wakongomani hununua chakula cha kwao, akaleta sombe, unga wa muhogo na makayabu. Inafaa kusema hapa kwamba makayabu, chakula ambacho jamaa nyingi za Congo huhesabu kuwa cha nyumbani kabisa, ni samaki wa bahari baridi za kaskazini, anayekaushwa kwa chumvi na kuuzwa mbali. Walimla, labda kwa mara ya kwanza, mahali palipo karibu kidogo na kwao wenyewe samaki hao. Sambaza hazikupatikana. Sokoni, kandokando ya bandari, kulikuwa na kreveti wadogo wa kijivu, ambao wavuvi wa pale huwachemsha humo humo katika mashua. Muuguzi wa Cologne aliwatafuna na maganda yao yote, jinsi sambaza huliwa na kichwa. Muuzaji, mama mzee, alimtazama kwa huruma, akachukua mmoja na kumfundisha kumenya.

Walizungumza hadi usiku wa manane juu ya mambo yasiyo na hatari: mwalimu wa hesabu aliyekuwa akipiga kwa rula, siku ambayo mwenzao mmoja alianguka ziwani na sare yake yote, nani ameoa, nani ameachana, nani amekufa. Waliokufa ni sita. Wawili kati yao walikufa baharini mwaka mmoja, njiani kutoka Libya. Walipofika kwenye majina hayo, hakuna aliyetazama dirishani.

Siku ya Posho asubuhi waliamka, bahari haikuwapo. Hivyo ndivyo walivyosimulia wenyewe, na mtu aliyekulia kando ya ziwa anaweza kuwaelewa. Maji yalikuwa yamerudi nyuma mbali sana, yakaacha mchanga uliolowa, mpana kama viwanja kadhaa vya mpira, wenye vidimbwi vidogo vilivyong'aa. Kule Ostende bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti kati ya maji ya juu na ya chini hufika karibu metre nne. Ziwa Kivu halina habari hizo. Linapanda na kushuka kwa mvua, tena polepole. Watu wa mji walikuwa tayari wanatembea na mbwa wao pale ambapo jana usiku mawimbi yalikuwa yakipiga.

Walipoteremka, walipita kwanza chini ya zile nguzo ndefu zilizojengwa kando ya bahari kwa amri ya Leopold II kati ya 1902 na 1906, ili wakubwa watembee bila kunyeshewa. Wakati ule Congo yote ilikuwa mali yake binafsi. Ubelgiji haikuichukua mikononi mwake kuwa koloni hadi 1908. Hatua chache kutoka pale anasimama yeye mwenyewe juu ya farasi, sanamu ya mwaka 1931. Upande mmoja wa chini kuna wavuvi wa Ostende wanaomshukuru. Upande mwingine kuna Wakongomani, nao wanamshukuru, eti kwa kuwaokoa na utumwa wa Waarabu. Mwaka 2004 watu wa Ostende wenyewe, kikundi kidogo, walikata kwa msumeno mkono wa mmoja wa Wakongomani hao wa shaba, kukumbusha mikono iliyokatwa wakati wa mpira.

Wane walisimama pale kwa muda. Upepo ulikuwa mkali, hakuna aliyetoa hotuba. Yule wa Lille alisoma mwaka, 2004, akasema tu kwamba ni mwaka wao.

Na ni hapo mambo yalipofunguka, maana mwaka 2004 mjini Bukavu haukuwa mwaka wa diploma peke yake. Mwishoni mwa mwezi wa tano, vita kati ya askari ilipoingia mjini, raia Wanyamulenge waliwindwa mitaani. Baadhi waliuawa, wengine kwa maelfu walikimbilia Cyangugu, ng'ambo ya Ruzizi. Mwanzoni mwa mwezi wa sita askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliushika mji kwa siku chache, na safari hiyo ni watu wengine waliouawa, wanawake wakabakwa, nyumba zikaporwa. Kabla mji haujashikwa, kijana mmoja wa miaka kumi na minane alifichwa usiku nne nyuma ya magunia ya unga katika duka moja la Kadutu. Kijana huyo ni yule wa Lille. Duka lilikuwa lile lile lililosombwa mwaka 2025, na aliyemficha ni mama ya yule wa Liège.

Wawili wale walikuwa hawajawahi kulizungumza jambo hilo tangu wakiwa vijana. Wanawake hawakulijua kabisa.

Waliendelea kutembea juu ya mchanga kuelekea Mariakerke. Upepo wa Ostende una tabia moja ambayo hoteli haziiandiki katika matangazo yao: haukuruhusu kuongea kwa mbali. Mtu akiwa hatua tatu tu, maneno yake yanapotea. Ukitaka kusikia, lazima umkaribie mwenzako mpaka mabega yagusane, tena umtegee sikio. Wanawake wanasema walipunguza mwendo kwa makusudi. Wanaume wawili wakawa mbele, vichwa vimeinama, kofia zimeshushwa hadi kwenye nyusi, na kwa muda mrefu kutoka nyuma haikujulikana kama wanagombana au wanaombana msamaha.

Yule wa Liège anaeleza kwamba alikuwa amejitayarisha kusema habari za duka, za usiku ule, za uchovu wa kazi. Hakuzisema. Mama yake alikuwa amemkataza. Aliposikia ni nini mtoto wake aliandika, mama huyo, ambaye alikuwa amepoteza biashara ya miaka thelathini, alikaa majuma mawili bila kupokea simu zake. Alipopokea, alimuuliza swali moja: kama angejua mwaka 2004 kwamba kijana yule angeulizwa siku moja na mtoto wake yuko upande gani, angemficha nyuma ya nini? Hilo ndilo alilomfikishia mwenzake pale mchangani, kisha akaomba msamaha.

Yule wa Lille alimwambia amemsamehe. Alimwambia pia jambo ambalo mwenzake hakulitarajia: kwamba lile swali halikuwa la kwanza, wala yeye hakuwa wa kwanza kuuliza. Ameulizwa Bukavu, ameulizwa katika kambi Burundi, ameulizwa kanisani Lille, na ameulizwa na watu wa upande wa mama yake vilevile, wanaomwona kuwa mtu wa mjini asiyetosha. Alichoka kulijibu. Kuhusu kikundi cha watsapu, alisema harudi. Atapokea simu ya mtu mmoja mmoja.

Mchana walikunywa supu ya moto ya konokono wa bahari, inayouzwa kwenye vibanda karibu na bandari, huku wamesimama. Wanaume waliipenda. Wanawake walikunywa maji yake tu.

Saa tisa walimpigia mwalimu kwa video. Bukavu ilikuwa saa kumi, jua lingali lipo, naye alikuwa ameteremka hadi ziwani huko Nguba akiwa na shati la mikono mifupi. Alipowaona wamevaa makoti, vitambaa vya shingo na soksi za mikono, alicheka mpaka simu ikamtikisika mkononi. Aliomba waionyeshe bahari. Maji yalikuwa yamesharudi, yamejaa hadi karibu na ngazi, rangi ya kahawia na kijivu, mawimbi yakivunjika kwa kelele. Aliuliza kama ni kweli yana chumvi. Dada wa Bruxelles, ambaye amekaa Ubelgiji miaka kumi na miwili na hakuwahi kuyaonja, alishuka ngazi, akachovya kidole, akakilamba mbele ya kamera. Wimbi lililofuata lilimlowesha viatu. Mwalimu aliwaonyesha na yeye maji yake, yametulia kabisa, na nyuma yake vilima vya Rwanda. Kisha mtandao ukakatika, wakaendelea kuitazama sura yake iliyoganda.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakungojea kiangazi cha Bukavu wakakutana wote watano kule Nguba. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa kwanza 2025, wa Kavumu tangu mwezi wa pili. Yule wa Lille ni mkimbizi aliyetambuliwa na Ufaransa. Karatasi yake ya safari inamruhusu kufika Ubelgiji na inchi nyingine nyingi, lakini kwa inchi aliyoikimbia haina kazi. Mama yake mzazi yuko huko. Mwalimu naye alikwisha kuomba viza ya Ulaya mara moja, miaka ya nyuma, akakataliwa, na hana makuta ya kujaribu tena. Kwa hiyo Nguba bado ni mbali. Ostende, pamoja na upepo wake, ndiyo bichi wanayoweza kufikia wane kati yao.

Kuna wanaosema mambo kama haya ni starehe za watu wa Ulaya, na kwamba feza ya nyumba ile ingetumwa Kadutu. Hesabu inaonyesha kwamba kila mmoja alitoa kiasi kisichofika mchango wanaotuma kwa kilio kimoja. Na mama wa duka, alipoulizwa kama angependelea feza hiyo, alijibu kwamba biashara yake ataianzisha tena kwa mkopo, lakini watoto wake wawili hawakopeshwi mahali popote. Alisema wawili.

Usiku wa mwisho yule wa Liège alilala chumbani, kwenye kitanda cha pili. Alikoroma kweli. Yule wa Lille anasema ilimbidi ahamie yeye sebuleni, saa nane ya usiku, na blanketi.

Siku ya Mungu asubuhi walirudisha funguo. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha upande upande. Mmoja wao alikuwa amesikia kwamba kila mwanzo wa mwaka maelfu ya watu wa mji ule huingia mbio katika maji hayo ya barafu kwa ajili ya furaha tu, na walijadili hadi kituo cha treni kama wazungu wana akili. Dada wa Cologne ndiye aliyekuwa na safari ndefu kuliko wote. Katika begi lake alikuwa amefunga makayabu yaliyobaki katika mifuko mitatu, lakini harufu ilitoka hata hivyo, na kabla ya Bruges abiria aliyekaa mbele yake alihamia behewa lingine.

Nyumba hiyo hiyo, etaji ya sita, imekwisha kuwekewa malipo ya kwanza kwa mwezi wa pili 2027. Waliolipa ni wane. Kitanda cha tano, cha kukunja, mwenye nyumba alisema hakiongezi bei.